Mmoja Si Oda

Siku ya kuniaga pale yadi ya Malili mlinipa blanketi, keki, na hotuba iliyokuwa ndefu kuliko keki. Mutua akaniambia nikae chini niandike mambo ya kazi kabla sijaanza kuyaongezea chumvi. Basi nimekaa. Nyumba yangu iko nje kidogo ya mji wa Kitui, kuku wanapekua mchangani, na hakuna mtu anayenipigia kuniambia mnara umezima. Nawaandikia nyinyi mnaobaki, hasa nyinyi wasichana mlioingia juzi mkakuta choo cha wanawake kina mlango, mkadhani kimekuwepo siku zote.

Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo vilikuja vilipotaka, na mishahara mnaijua.

Nilianza kazi nikiwa msichana, kwenye kituo cha simu cha Kitui, wakati simu bado zilikuwa zinaunganishwa na mkono wa mtu. Chumba cha mbele kilikuwa chetu sisi wanawake. Kulikuwa na meza kubwa ya mbao iliyojaa matundu, taa ndogo na nyaya zenye vichwa vya shaba. Mtu akiinua simu Mutomo, taa inawaka mbele yangu, nachomeka waya, nasema, "Kitui hapa, nikuunganishe wapi?" Chumba cha nyuma kilikuwa cha wanaume. Huko ndiko kulikuwa na mitambo yenyewe. Sisi tuliingia huko kupeleka chai tu, na hata chai yenyewe tulifundishwa pa kuiweka.

Kazi ile ilinipa sikio. Ukisikiliza laini siku nzima unaanza kuzijua tabia. Laini iliyolowa ilichemka kama mafuta ya mandazi. Waya uliolegea ulikwaruza kama kuku juu ya bati. Kulikuwa na fundi mmoja mtu mzima, Mzee Kilonzo, ambaye kabla ya kutoka kwenda kutafuta hitilafu alipitia dirishani kwangu na kuuliza, "Kasyoka, leo inasema nini?" Nikimwambia inachemka, alibeba nguo za mvua na vikombe vipya vya kauri, vile vya kushikia nyaya nguzoni. Nikimwambia inakwaruza, alibeba koleo na ngazi. Wenzake walimcheka kwamba anatibu simu kwa mganga.

Baadaye ikaja mitambo ya kujiunganisha yenyewe, na meza yetu ikawa haina kazi. Wenzangu wengine walienda nyumbani, wengine wakapelekwa kaunta ya wateja. Mimi nikaomba kwenda chumba cha nyuma. Mkubwa wa kituo alinitazama kama mtu aliyeombwa kumwoza binti yake kwa ng'ombe mgonjwa.

"Mwanamke akipanda nguzo," akasema, "watu watasimama chini kuangalia."

Mzee Kilonzo alikuwa mlangoni anasubiri funguo za gari. "Watasimama siku ya kwanza," akasema. "Siku ya pili watakuwa na kazi zao."

Nikapewa nafasi, lakini hakuna aliyefikiria nguo. Yunifomu ya wanawake ilikuwa sketi. Mzee Kilonzo akaniletea ovaroli yake kuukuu, nikakunja miguu na mikono, nikajifunga mshipi. Nilipofika nyumbani nayo, mama mkwe aliniuliza kama nimejiunga na jela. Nikamwambia hapana, ni simu. Akasema kwamba kwao simu ilikuwa kazi ya kukaa.

Nguzo ya kwanza ilikuwa karibu na soko, maana Mzee Kilonzo hakutaka nijifiche. Watu walisimama, kama tulivyoambiwa. Alinifundisha kwamba mikono ni ya kushika na miguu ndiyo inayopanda. Ukichoka mikono, umepanda vibaya. Aliniambia nisitazame chini, si kwa sababu ya kizunguzungu, ila kwa sababu kazi iko juu. Na kuna jambo alilokuwa mkali nalo kuliko yote. Mshipi wa kupandia haukatwi, haushonwi, haufungwi kamba ya kuongezea. Ukikukataa, unaurudisha stoo. Nilimwona akimfukuza kazini kwa siku nzima fundi mmoja aliyetoboa tundu la ziada kwa msumari.

Kesi moja ya siku hizo nitawaambia kwa sababu bado hunichekesha. Laini ya kwenda kwenye shule moja ya bweni ilikuwa inakufa kila Jumamosi na kufufuka Jumapili. Wanaume walienda mara nyingi, wakafuata nyaya kwa macho toka barabarani, wakaongea na wenye maboma njiani, wakarudi mikono mitupu. Mara hii nikatumwa mimi. Katika boma moja baba alikuwa ameenda mnadani na mbuzi. Mama mwenye nyumba akanikaribisha uji, tukaongea mambo ya watoto na ukame. Nilipokuwa namalizia kikombe, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ule umeme wa simu unaweza kuua mtoto. Nikamuuliza kwa nini. Akanipeleka nyuma ya nyumba. Nguzo ilikuwa imeinama, nyaya zimeshuka kufikia mkono wa mtu, na hapo ndipo alikuwa anaanika mablanketi kila Jumamosi. Blanketi likilowa linagusa nyaya zote mbili na shule nzima inanyamaza. Mafundi walipokuja aliyatoa haraka akawaambia hajui lolote, maana alidhani watamshtaki kwa mume wake. Tulinyoosha nguzo. Mzee Kilonzo akaacha kamba ya katani pale, ya kuanikia nguo.

Miaka ikaenda. Simu za mkononi zikaja, nyaya za shaba zikaibwa, nguzo zikawa kuni. Mzee Kilonzo akastaafu akarudi kwenye machungwa yake upande wa Makueni, na tukamzika huko kanisa likiwa limejaa mpaka nje. Kituo kikafungwa. Mimi nikafanya mafunzo ya minara na mitambo ya intaneti, nikiwa na umri wa kuwa mama wa wengi darasani, kisha nikachukuliwa na kampuni ya kandarasi iliyokuwa inatunza minara ya Makueni na Kitui. Ndiyo hiyo yadi yenu ya Malili, ila wakati huo ilikuwa kontena kadhaa, jenereta na vumbi la barabara ya Mombasa.

Niliwaza kwamba nimeingia ulimwengu mpya. Vijana walikuwa na digrii, walisalimiana kwa ngumi, walimwita meneja kwa jina lake la kwanza. Hakuna aliyenituma chai. Kulikuwa na mashine. Ilinichukua muda kuona kwamba chumba cha mbele na chumba cha nyuma bado vipo, ila siku hizi havina ukuta. Choo kilikuwa kimoja, na ndani kulikuwa na mifuko ya simiti. Wanaume walitumia nyuma ya kontena. Mimi nilikuwa navuka barabara kuu kwenda hoteli ya ng'ambo, na ili wasinikatalie nilikuwa nanunua chai. Kwa hiyo nilikuwa na haja tena ya kuvuka barabara baada ya muda mfupi.

Na ratiba ya wiki haikupangwa ofisini. Ilipangwa Ijumaa jioni kwenye nyama choma. Nani aende mafunzo, nani apewe gari zuri, nani apelekwe mnara upi, yote yaliamuliwa kati ya mbavu na mguu. Jumatatu ukiuliza, unaambiwa, "Ah, hiyo si tulimaliza Ijumaa?" Nikaanza kwenda. Nilikunywa soda, niliombea chakula kwa sauti, na nilikaa karibu na meneja. Nimekula mbuzi wengi kwa ajili ya ratiba.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Mwikali alipokuja.

Alikuwa ametoka chuo cha ufundi, binti wa mchungaji kutoka upande wa Wote, mfupi, mwembamba, mwenye macho ya mtu anayehesabu. Alijua kuunganisha nyuzi za faiba kuliko yeyote pale. Nyuzi hizo za kubebea intaneti ni nyembamba kama unywele na ni za kioo. Mikono ikitetemeka unaanza upya. Yake haikutetemeka. Lakini kwetu mtu aliheshimiwa kwa kupanda, na aliyepanda ndiye aliyeongezewa mkataba. Mwikali alilijua hilo tangu wiki ya kwanza, akapanda.

Shida ilikuwa hanesi. Hanesi ni ule mkanda wa kupandia, wenye vishipi vya mabegani, kifuani na mapajani, unaoshikana na mnara ili ukiteleza ubaki unaning'inia. Zetu zote zilikuwa za saizi moja, na mtu aliyeziagiza bila shaka alikuwa anawaza wabeba mizigo. Mwikali alikaza vishipi mpaka mwisho, bado vililegea. Akawa anakunja leso na kuiweka kiunoni, na sweta chini ya vishipi vya mabegani. Niliona siku hiyo hiyo nikaenda kwa meneja.

Meneja wetu, Bwana Ndolo, alikuwa mtu wa utani. Ofisini kwake uliingia na shida ukatoka na kicheko, na shida bado iko mkononi.

"Mama Mumo," akaniambia, maana hapo wote waliniita kwa jina la kifungua mimba wangu, "hanesi ni hanesi. Ama mnataka ya maua?"

Mutua alikuwa pale, kiongozi wa wapandaji, akacheka mpaka akashika meza. Nikarudi tena baadaye, nikapata utani mwingine. Nikaandika kwa barua pepe, nikajibiwa kwa picha ya kidole gumba. Nikiwa msimamizi wa timu, nikasema basi Mwikali hapandi minara mirefu mpaka hanesi yake ije. Hapo aliyekasirika akawa Mwikali mwenyewe.

"Mama, unanitoa kazini kwa huruma," akaniambia tukiwa tunaosha mikono ng'ambo ya barabara. "Nikikaa chini miezi mitatu, mkataba ukiisha watasema hata sipandi. Wewe si ulipanda na ovaroli ya mtu?"

"Ovaroli haikuwa inanishikilia," nikamwambia. Hakuniamini.

Kisha upepo ukapiga huko kusini mwa Mutomo, wa kuangusha paa. Mnara mmoja mrefu dishi lake likageuka, na eneo zima likabaki bila mtandao. Tulifika asubuhi: mimi, Mutua, Mwikali na dereva. Mpandaji wa pili alikuwa amelazwa na malaria. Dishi la namna ile haliwezi kurudishwa na mtu mmoja. Mmoja anashikilia, mwingine anakaza. Bwana Ndolo alikuwa amenipigia njiani, kabla hatujaingia eneo lisilo na mtandao.

"Mutua apande na Mwikali. Si amekuwa akitaka?"

Mwikali alikuwa tayari anavaa. Leso kiunoni, sweta mabegani. Nikawaambia tungoje kidogo, kwanza tumtundike tuone hanesi inamshika vipi. Nyuma ya kibanda cha jenereta kulikuwa na boriti ya chuma. Nikaweka kreti ya soda chini yake, Mwikali akasimama juu, nikafunga ndoano ya hanesi kwenye boriti, nikasukuma kreti kwa mguu.

Alishuka kidogo tu, miguu karibu na mchanga. Lakini kishipi cha kifua kikapanda mara moja mpaka kidevuni, bega moja likatoka, leso ikaanguka chini. Akajishika kwa mikono, uso umemwiva. Mutua alikimbia akamwinua kwa kumshika magotini, nami nikafungua ndoano.

"Asi!" Mutua akasema kwa mshtuko. Hakucheka.

Mwikali aliketi juu ya kreti, anapumua kwa nguvu. Nilidhani analia, kumbe ni hasira. "Nimepanda nayo hii, Mama. Nimepanda nayo mara nyingi."

"Hujawahi kuanguka nayo. Kupanda unaweza kupanda hata bila chochote. Hii ni ya siku ya kuanguka."

Wakati huo alikuwa amefika mama mwenye duka la pale senta, Halima, ambaye familia yake ilihamia huko kutoka upande wa Garissa. Alikuwa amefunga duka maana hakuna mteja aliyeweza kulipa kwa simu. Aliona msichana akitundikwa na kushushwa, akaweka mikono kiunoni.

"Nyinyi watu wa mnara, mnacheza bembea? Kwa kituo cha afya kuna mama amekuja kujifungua na mtoto amekaa vibaya. Nesi anapanda kilima na simu anatafuta network aite gari. Kilima chote hakuna!"

Dereva wetu aliondoka mara moja na gari kwenda kumchukua yule mama ampeleke hospitali. Lakini nesi alitaka kuongea na daktari njiani, na hilo gari halingeweza. Mutua akanitazama. Mwikali akanitazama. Nikaokota hanesi nikaivaa mimi. Vishipi vikafika, vikakaa sawasawa. Miaka na chapati zilikuwa zimenifanya saizi ya kampuni.

"Mama Mumo," Mutua akasema, "una uhakika?"

"Cheti changu cha kupanda hakijaisha. Magoti ndiyo sina uhakika nayo."

Nikamwachia Mwikali kompyuta na redio ya mkononi. Yeye ndiye angetuambia dishi limefika pale linapotakiwa. Tukapanda. Miguu ndiyo inapanda, nilijiambia kila hatua, na miguu ikanijibu mambo yake. Upepo ulikuwa unapuliza mnara kama mtu anayepuliza chupa. Tulipumzika mara nyingi. Juu kabisa, mbuzi wa Mutomo walikuwa wamebaki nukta nyeupe na barabara ilikuwa uzi.

Tulifunga ndoano, Mutua akakumbatia dishi, mimi nikashika spana. Mwikali alikuwa kwenye redio, sauti yake imetulia kabisa. "Kushoto kidogo. Kidogo tena. Umepita. Rudi. Hapo. Kaza hapo hapo, Mama, usipumue." Nikakaza bila kupumua.

Tulipokuwa tunangoja ahakikishe, Mutua akaongea bila kunitazama.

"Mama Mumo, hata mimi yangu ya kwanza ilikuwa kubwa. Nilikuwa nimekonda. Nilivaa jaketi mbili, jua likiwa hivi."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba nimekonda?" Akafuta pua kwa bega. "Kuna vijana wawili kwa timu yetu bado wanavaa jaketi. Nilidhani kila mtu anajua."

Sikuwa najua. Niliwaona na jaketi zao nikadhani ni fasheni.

Kabla hatujafika chini simu ya Halima ilianza kulia mfululizo, ujumbe wa siku nzima ukiingia kwa pamoja. Alituchemshia chai ya maziwa ya mbuzi, akamjazia Mwikali kikombe kwanza. Yule mama alifika hospitali akajifungua kwa upasuaji. Nilikuja kusikia mtoto aliitwa jina la dereva wetu. Nesi aliongea na daktari njiani kupitia mnara wetu, lakini mnara mtu haoni.

Bwana Ndolo aliniita siku iliyofuata. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, nimevaa hata viatu vyangu vya kanisani. Alifunga mlango, na kwa mara ya kwanza hakuanza na utani.

"Ulikataa amri yangu mbele ya timu."

"Ndiyo."

"Mutua amekuja hapa asubuhi. Amenieleza ile ya kutundika." Akazungusha kalamu mezani. "Mama Mumo, unafikiri sikuomba? Niliomba Nairobi mara ya kwanza uliponiambia. Wakaniuliza nina wapandaji wanawake wangapi. Nikasema mmoja. Wakaniambia mmoja si oda. Kiwandani wanauza kwa katoni."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nirudi nikwambie nimekataliwa? Ni rahisi kuchekesha mtu."

Nilimwonea huruma kidogo, lakini haikuniletea hanesi. Nikamwuliza kuhusu Mwikali. Akasema atamkalisha ofisini apokee simu za wateja kwa muda, kwa kuwa ana sauti nzuri. Nilikuwa na sauti nzuri kabla yake, na nilijua inakaa chumba gani. Nikamwambia hivyo. Akasema ni kwa muda tu.

Muda ukawa mrefu. Mwikali alipokea simu, na kwa kuwa alikuwa karibu na mlango, wageni wakawa wanamwomba chai kutoka kwenye ile mashine. Mkataba wake ulipofika mwisho hakungoja kuambiwa. Aliniaga kwa heshima, akarudi Wote, akapata kazi kwenye duka la kutengeneza simu na kompyuta.

"Sijakasirika na wewe, Mama," aliniambia. "Nimechoka tu kuwa mmoja."

Neno hilo nililisikia mara mbili, kwa watu wawili, na likanisumbua. Nikaenda kwa Mutua. Nikamwuliza kama wale vijana wake wa jaketi wanaweza kusema hadharani. Akasema hadharani hapana, lakini wakipimwa watapimika. Ndipo nikawaza fundi cherehani. Pale Malili kulikuwa na Mzee Nzioka, anayeshona sare za shule kwenye kibaraza cha duka. Jumanne moja nikamleta yadini na futi yake ya kupimia shingoni, na Mutua akatangaza kwamba kila mpandaji atapimwa kifua, kiuno na paja.

Sijawahi kuona wanaume wakubwa wakiona haya namna ile. Watu waliopanda mnara kwenye radi walijificha nyuma ya jenereta. Mutua akajitoa wa kwanza. Mzee Nzioka alimzungushia futi pajani na kusema kwa sauti, "Inua suruali, kijana, si harusi," na yadi nzima ikacheka, na baada ya hapo wakapanga foleni. Bwana Ndolo alitoka ofisini akasimama na kikombe chake. Ilipofika jioni tulijua kwamba zaidi ya nusu ya watu wetu walikuwa wanapanda na vitu visivyowafaa. Wengine vimelegea, na wawili wanene vikiwabana hata damu isifike miguuni. Ukijumlisha na wasichana waliokuwa wanakaribia kumaliza mafunzo, ilikuwa katoni na kidogo.

Bwana Ndolo aliituma oda mwenyewe. Halafu akaniuliza kama kuna kingine, maana aliniona bado nimesimama.

"Choo," nikasema. "Na ratiba ipangwe hapa, asubuhi, si kwa nyama."

"Sasa nyama itakuwa ya nini?"

"Ya kula."

Hanesi zilikuja baada ya mvua. Nilipanda gari kwenda Wote bila kupiga simu kwanza, nikamkuta Mwikali ameinamia simu ya mtu iliyoanguka kwenye ndoo, miwani ya kukuza machoni. Akanikalisha, akaagiza soda. Nikamwambia zimekuja, na yake ipo.

Hakuruka kwa furaha. Alimaliza kwanza skrubu aliyokuwa nayo.

"Wasichana ni wangapi sasa?"

"Wawili wameanza. Mwingine anakuja mwezi ujao."

"Na Ijumaa?"

"Mkutano ni saa mbili asubuhi. Nyama bado ipo, anayetaka aende."

"Na nikirudi, nani atapokea simu?"

"Zamu. Hata Mutua anapokea. Wateja wamelalamika."

Akacheka hapo, lakini hakusema ndiyo. Alisema hapo dukani wanamheshimu, na hakuna anayemuuliza kama anaweza. Nikamwambia hilo si jambo dogo na kwamba sitamlaumu. Tulikunywa soda zetu, tukaongea juu ya baba yake na mafundisho ya kanisani, nikarudi Malili nikidhani nimemkosa.

Alikuja mwenyewe, Jumatatu ya wiki iliyofuata, amebeba buti zake kwenye mfuko wa plastiki. Alimwambia Bwana Ndolo anataka mkataba wa faiba na wa kupanda, yote miwili, au arudi kwenye simu zilizoanguka majini. Nilikuwa nje ya mlango. Sikusikia jibu, nilisikia tu kiti kikivutwa aketi.

Mnara wake wa kwanza baada ya kurudi ulikuwa kwenye kilima kimoja upande wa Makueni, asubuhi ya jua zuri. Tulimtundika kwanza kwenye boriti, kama tunavyomtundika kila mtu siku hizi, akaning'inia pale kama mtu aliyekaa kitini, akatazama saa yake. Kisha akapanda na mmoja wa vijana wa jaketi, ambaye sasa alikuwa bila jaketi. Mimi nilibaki chini na redio. Walifanya kazi yao huko juu karibu asubuhi yote. Nyuzi zilikuwa nyingi na kasha la kuzihifadhi lilikuwa limeingiwa na nyigu. Niliwasikia wakibishana juu ya nyigu.

Aliposhuka alikuwa amejaa vumbi, jasho limechora mistari usoni. Akavua kofia, akaomba maji, akanywa chupa karibu yote. Nilitaka sana kujua, nikajikaza nisiulize mapema, lakini mwishowe nikauliza.

"Haya, hanesi ilikuwaje?"

Akajitazama kifuani, akagusa vishipi kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.

"Aki, Mama," akasema, "nilisahau nimeivaa."

Tukapakia vifaa, tukaondoka.